Arobaini na Nne

Saa moja na nusu asubuhi Inspekta alikata utepe wa polisi, akafungua kabati la joto na kutoa visahani vinne vya kioo. Ndani ya kila kisahani, juu ya karatasi iliyolowa, mbegu za tikiti maji zilikuwa zimepasuka na kutoa vimizizi vyeupe, urefu wa kucha ya kidole cha mwisho.

"Zimeota," alisema, na sauti ilimtoka na furaha zaidi kuliko alivyotaka.

"Siku tatu kwenye joto, zisingeota ningeshangaa. We! Usiziguse! Umetoka kushika usukani. Kanawe kwanza."

Aliyesema hayo alikuwa mshukiwa.

Inspekta akaenda kunawa. Wenzake kazini humwita Gundi, kwa kuwa akishika kesi habanduki, na katika miaka ishirini na sita ya upelelezi hakumbuki kuamrishwa kunawa na mtu aliyekuja kumkamata. Lakini mama yule alikuwa sahihi, na Gundi ana ugonjwa mmoja: mtu akiwa sahihi hamwekei kinyongo.

Mama mwenyewe alisimama karibu na dirisha la maabara, mikono nyuma, kidole kimeshika kidole. Hayo yalikuwa masharti waliyowekeana Jumatatu. Mshukiwa asiguse kielelezo. Aelekeze, afundishe, agombe akitaka, ila mkono usije mbele. Inspekta ndiye angekata, angepaka rangi, angetazama na kuhesabu. Yeye, ambaye mara ya mwisho kushika hadubini alikuwa kidato cha pili, na hata huko aliivunja.

Kituoni hapo, kituo cha kuzalisha mbegu, wote wanamwita Mama Hadubini. Kwa miaka thelathini na moja amekaa kwenye kiti kimoja, akitazama seli za mimea na kuhesabu kromosomu zake, na kila gunia la mbegu za tikiti lisilo na mbegu hutoka hapo na cheti chenye saini yake. Ndiyo, mbegu za tikiti lisilo na mbegu. Inspekta aliposikia mara ya kwanza alidhani anataniwa. Msimu huu wakulima mia moja na arobaini walipanda mbegu zenye cheti hicho, wakapasua matikiti, wakakuta mbegu ndani. Mnunuzi akageuza malori yake yakiwa matupu. Mkuu wa kituo akaandika barua polisi kwamba mama huyu ameuza mbegu halisi nje, akajaza magunia kwa mbegu za dukani, kisha akasaini. Ikithibitika ni jela. Na alikuwa amebakiza miezi minne tu astaafu.

"Rudia yale ya Jumatatu," Inspekta alisema akijifuta mikono. "Nataka kuyasikia kabla sijaona chochote, usije ukabadilisha maneno baadaye."

"Loo, bwana wewe! Haya. Tikiti la kawaida lina aina kumi na moja za kromosomu, na kila aina ziko mbili, moja ya upande wa mama na moja ya upande wa baba. Seti mbili. Jumla?"

"Ishirini na mbili."

"Shambani kwetu tuna mmea mama ambao si wa kawaida. Huyo ana seti nne. Arobaini na nne. Tunalichukua ua lake, tunalipaka poleni, ule unga wa maua, kutoka kwa baba wa kawaida. Mama anatoa nusu yake, baba anatoa nusu yake."

"Ishirini na mbili na kumi na moja. Thelathini na tatu."

"Seti tatu. Hiyo ndiyo mbegu tunayouza. Sasa mmea huo ukikua ukataka kuzaa, seli zake zinapaswa kugawana kromosomu sawa kwa sawa, mbili mbili. Ziko tatu tatu! Mbili zikishikana, ya tatu inazubaa haijui iende wapi. Mgawanyo unavurugika, mbegu haijengeki. Tunda linabaki nyama tupu."

Tangu Jumatatu jambo hilo lilikuwa likimfurahisha Inspekta kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Kwamba binadamu alikaa mahali akawaza: nikitaka tunda lisizae, sitalipiga dawa wala sitalikata, nitalipa hesabu isiyogawanyika. Akili hiyo, jamani! Alimheshimu mtu huyo bila kumjua jina.

"Kwa hiyo nikikuta ishirini na mbili?"

"Ni mbegu za dukani. Mtu amebadilisha. Utanifunga."

"Thelathini na tatu?"

"Mbegu ni halali na wakulima wana maelezo ya kutoa."

"Arobaini na nne?"

Mama alicheka kidogo. "Hiyo haiwezekani."

"Nimeuliza tu."

"Itakuwa ua la mama limepata poleni ya mama mwenzake. Yaani shambani hakuna aliyefunika maua wala aliyepaka poleni, wamewaachia nyuki. Lakini nimekwambia haiwezekani. Mbegu za msimu huu nimezihesabu mwenyewe, zilikuwa thelathini na tatu, seli baada ya seli. Kata ncha za mizizi. Jua linapanda."

"Jua linahusika nini?"

"Mzizi unakua zaidi asubuhi. Ndipo seli zinapogawanyika kwa wingi. Ukija mchana unakuta zimepumzika, na seli iliyopumzika haikuonyeshi kitu."

Akakata, mzizi mmoja mmoja, kwa wembe mpya, akivitenga visahani. Kila kisahani kilikuwa na herufi. Maana ya herufi hizo aliijua yeye peke yake, nayo aliiandika kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha iliyogandishwa lakiri, mfukoni mwa koti lake. Kama mama angetaka kumwelekeza vibaya, asingejua amwelekeze kwenye kisahani kipi. Ncha zikaingia kwenye chupa ndogo za dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa zimejikunja na kunenepa. Saa tatu za kusubiri.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kusubiri. Aliingia bila kubisha, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Afande, gari la kumchukua lije saa ngapi? Nina waandishi wa habari getini."

"Nikimaliza kuhesabu."

"Kuhesabu nini tena? Mlinzi amekwambia. Kila Ijumaa anatoka na mfuko. Mfuko wa nini?"

"Jana nilikwenda kwake," alisema Inspekta. "Nyuma ya jiko lake pameota matikiti, kila shina na kibao chake. Ni miche aliyokwisha kuikata mizizi hapa. Daftari lenu linasema itupwe."

Mkuu akamgeukia mama. "Umeona? Kiri basi."

"Kuikata nimeikata," alisema Mama Hadubini. "Kuitupa siwezi. Inaota tena, maskini. Wajukuu wanakula."

Mkuu akatoka akiguna. Inspekta alimsikiliza hadi nyayo zikaishia, ndipo akamwita mwenyekiti wa wakulima, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ukumbini tangu asubuhi na tikiti limefungwa kwenye khanga. Alikuwa mama mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Alilibwaga tikiti mezani na kulipasua kwa kisu chake mwenyewe.

"Tazama, baba. Hizo hapo. Mbegu."

Inspekta akazitoa moja moja. Alipata arobaini na kitu, pana, zenye ganda gumu.

"Tikiti la kawaida lina ngapi?"

"La kawaida? Ukilipasua ni mbegu mia kwa mia, zinakutoka hadi puani. Hizi chache. Lakini mnunuzi hataki hata moja."

"Na matikiti yote yalikuwa hivi?"

"Hapana. Kwa bahati bahati unapata shina moja, matunda yake safi, hayana kitu. Unasogea mashina kumi hupati tena. Mume wangu anasema Mungu alituonea huruma kidogo kidogo."

Inspekta akaandika: Mbegu chache. Shina mojamoja safi. Akayapigia mstari yote mawili. Mtu anayejaza mbegu za dukani hajazi na chache halali kwa ajili ya huruma.

"Mengine mmeyafanyaje?"

"Tunawapa ng'ombe. Tungefanyaje? Msimu ndio umekwenda."

Saa tano ncha za mizizi zikahamishiwa kwenye mchanganyiko wa spiriti na asidi, zikakaa humo saa moja zikaganda jinsi zilivyo. Baadaye zikachovywa kwenye asidi ya moto kwa dakika nane ili zilainike. Mama alihesabu dakika hizo kwa mdomo, bila saa, na Inspekta alipotazama saa yake ya mkononi hakukuta tofauti hata ya pumzi moja. Halafu ikaja rangi nyekundu iliyoiva, tone moja, na juu yake kipande cha kioo chembamba kama karatasi ya sigara.

"Sasa weka karatasi juu. Bonyeza kwa dole gumba. Wima. Usisogeze."

Inspekta akabonyeza. Dole likateleza upande.

"Aaa! Umewaburuza wote!" Mama aliruka, mikono ikataka kuja mbele, akaishika tena. "Tazama ndani uone ulichofanya. Wamelaliana kama watu waliopigiwa king'ora."

"Nirudie?"

"Urudie ndiyo. Mzizi mwingine. Mtu mzima na dole lake!"

Alirudia. Wa tatu ulikubali. Aliinama kwenye hadubini, akazungusha kirungu taratibu kama alivyoambiwa, ukungu mwekundu ukasogea, ukasafika.

Zilikuwa seli mia, nyingi zimekaa kimya, kila moja na kiini chake cha mviringo. Lakini moja, katikati, haikuwa na kiini. Kilikuwa kimejifungua, na ndani yake vijiti vidogo vyekundu vimetawanyika, vifupi, vinene, kila kimoja peke yake. Hakuna aliyevichora. Vilikuwa vimo humo katika mzizi wa mbegu iliyokuwa mfukoni mwa mkulima, vikijipanga kugawanyika hata kama hakuna mtu duniani anayetazama.

"Umeviona," alisema mama. Hakuwa anauliza.

"Nimeviona. Mama, wewe umetazama hivi miaka thelathini na moja?"

"Kila siku ya kazi. Nikiwa na homa pia."

"Hujachoka?"

"Nimechoka kiti. Hivyo vijiti sijavichoka. Watu wanasema ni vidogo. Vidogo wapi? Humo ndimo limeandikwa tikiti zima, ganda lake, utamu wake, siku litakayoiva. Haya, chora. Kila unachokichora mezani, kipige alama. Usihesabu kichwani, kichwa kinapenda kukupa jibu unalolitaka."

Alichora. Alihesabu. Alipofika thelathini na tatu vijiti havijaisha. Mkono ulisita, akaendelea. Arobaini. Arobaini na moja.

"Arobaini na nne," alisema.

"Umehesabu kimoja mara mbili. Rudia."

Alirudia, akapata arobaini na nne. Seli ya pili, arobaini na nne. Akafika seli ya kumi ya kisahani hicho, na zote kumi zilikuwa na hesabu ile ile. Kisahani cha pili kikatoa thelathini na tatu, seli kumi kati ya kumi. Cha tatu, arobaini na nne. Cha nne, arobaini na nne. Kufikia saa tisa Inspekta alikuwa na seli arobaini kwenye karatasi, shingo imekaza, jicho la kulia linatoa machozi, na hakuna mahali popote alipokutana na ishirini na mbili.

"Hakuna mbegu ya dukani hapa," alisema. "Hakuna aliyeiba."

Ungetegemea mama ashukuru. Hakushukuru. Alikuwa akitazama zile karatasi.

"Hicho chenye thelathini na tatu ni kipi?"

Inspekta akatoa bahasha, akavunja lakiri na kusoma kwa sauti. Kisahani cha kwanza kilikuwa na mbegu zilizobaki kwa mkulima. Vitatu vingine vilitoka gunia moja lililosalia ghalani, ambalo Jumatatu alilichoma mwenyewe kwa bambo, lile bomba la chuma lenye ncha la kutolea mbegu ndani ya gunia. Kisahani cha pili kilikuwa cha juu ya gunia. Cha tatu, katikati. Cha nne, chini kabisa.

"Nilifuata daftari lako," alisema. "Umeandika: sampuli nimechota mwenyewe kwa bambo, juu, katikati na chini. Nami nikafanya hivyo hivyo."

Mama Hadubini alivuta kiti akakaa. Rangi ilimtoka usoni, na Inspekta aliona, akaumia, maana kufikia saa hiyo alikuwa amekwisha kumpenda mama yule kama mtu anavyompenda mwalimu wake.

"Juu," alisema mama. "Nilihesabu za juu tu."

"Nani alizichota?"

Badala ya kujibu aliinua kichwa kwa ghafla. "Mwenyekiti yuko wapi? Yule mama wa matikiti! Mwite, mwite upesi!"

Mwenyekiti akaingia mbio akidhani mtu ameanguka.

"Mama mwenzangu, katikati ya mistari yenu mlipanda matikiti ya kawaida?"

"Si ndivyo mlivyotuambia? Kila mistari miwili, mmoja wa kawaida, kwa ajili ya poleni, ili tunda lishike."

"Basi sikiliza. Mlichopanda ni mmea mama, wenye arobaini na nne. Nyuki wametoka kwenye mstari wa kawaida, wenye ishirini na mbili, wakaingia kwenye maua yake. Yule mama na baba wamekutana shambani kwenu! Mbegu zilizomo ndani ya hayo matikiti, nyingi zake ndizo mbegu tulizopaswa kuwauzia."

Mwenyekiti alitazama tikiti lililopasuliwa mezani, kisha akamtazama mama. "Hizi hizi?"

"Hizo hizo. Si zote, nyuki hasomi maelekezo, wengine wametoka mama kwenda kwa mama. Itabidi zihesabiwe, shamba kwa shamba. Lakini ni msimu wenu mzima mnawapa ng'ombe!"

Mwenyekiti alikwisha kutoa simu. Sauti yake ilisikika ukumbini, ikashuka ngazi, ikatoka nje hadi getini kwa waandishi wa habari: "Wewe! Acha! Toa ndoo mbele ya huyo ng'ombe! Nasema toa, mtoe na mdomoni!"

Inspekta alijikuta anacheka peke yake. Alipomgeukia Mama Hadubini, mama hakuwa akicheka.

"Aliyechota," Inspekta alisema kwa upole.

"Magoti yangu yameharibika tangu mwaka jana. Ghala liko kule chini ya mteremko. Akaniambia, keti, mama mkubwa, nitakuletea mimi."

Ni mtu mmoja tu kituoni pale anayemwita hivyo. Ni msimamizi wa shamba, mtoto wa marehemu mdogo wake, ambaye mama alimchukua akiwa na miaka saba akamsomesha.

Inspekta alimkuta ghalani anapanga magunia matupu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano, mrefu, kofia mkononi kabla hajaombwa.

"Hili bambo limeingia guniani mara ya mwisho lini?"

"Kila msimu, afande."

"Lilikuwa nyuma ya mlango. Jumatatu nilisugua kutu robo saa ndipo mbegu zikapita."

"Sisi wa shamba hatulishiki. Sampuli anachota mama mkubwa mwenyewe. Soma daftari, ameandika na kusaini."

Ni jambo baya kumsikia mtu akijikinga kwa saini ya aliyemlea.

"Ameandika, nimesoma. Sasa niambie, ameshukaje mteremko huu kwa magoti yale?"

Msimamizi akatazama kofia.

"Gunia lina thelathini na tatu juu, arobaini na nne katikati na chini," Inspekta alisema. "Nimehesabu mimi. Unajua maana yake kuliko ninavyoijua. Maua hayakufunikwa."

"Mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo wakati wa maua," alisema msimamizi, na maneno yakaanza kutoka yenyewe. "Kazi ile ni kufunika ua jioni kwa karatasi, alfajiri unafunua, unapaka poleni, unafunika tena. Karatasi zinalowa, zinaanguka. Nilikuwa na watu ishirini, wakabaki wanane. Nikamwambia Mkuu tutapata debe moja tu la mbegu halali. Akasema hataki hadithi, anataka magunia sita."

"Ukaacha nyuki wafanye kazi."

"Nikaacha."

"Na debe lako ukaligawa juu ya magunia yote. Hukuogopa kwamba mama atashuka kuchota?"

"Hakuja misimu miwili."

"Angeweza kukwambia uchote chini."

"Asingesema." Msimamizi alifuta uso kwa kofia. "Nimezileta mimi, afande. Asingeuliza."

Jioni ilikaribia walipokaa tena maabara. Msimamizi alikuwa kwenye gari na askari, naye Mkuu alikuwa ameitwa aje na barua zake zote za msimu ule, na kalamu tatu zisingemsaidia. Inspekta alikuwa akiandika ripoti kwa mkono. Mbegu hazikuibwa. Vyeti havikughushiwa. Mhesabu kromosomu alihesabu kwa usahihi kila mbegu iliyofika mezani pake. Hapo kalamu ikasimama.

"Umefika kwenye sampuli," alisema Mama Hadubini.

"Nimefika." Inspekta alikuna kidevu. "Mama, naweza kuandika 'sampuli zilizoletwa maabara'. Si uongo. Miezi minne, unastaafu, kila kitu kimekwisha."

"Na saini yangu inayosema nilichota mwenyewe?"

"Watu wote husaini kwa mazoea."

"Watu mia moja na arobaini hawakupanda mazoea, walipanda kwa saini yangu." Mama aliivuta karatasi, akaisoma, akairudisha. "Bwana, leo umehesabu seli arobaini. Ulipopata arobaini na nne hukuandika thelathini na tatu kwa kunionea huruma, na ulitaka, nilikuona. Usianze sasa. Andika kwamba nilisaini nilichokuwa sijafanya. Misimu miwili. Andika na sababu: nilimwamini mwanangu nikaacha kuhakiki."

Inspekta aliandika. Ilikuwa mistari mitatu tu, nayo aliiandika polepole kuliko ungamo lolote la muuaji. Mama akaisoma tena kwa kidole, akaongeza tarehe aliyoisahau, akasaini. Mkuu wa kituo, aliyekwisha kufika na ambaye kwa kujiokoa hahitaji kufikiri, alitoa barua ya kumsimamisha kazi kabla wino haujakauka.

Mama alikuwa akikusanya miwani na kikombe chake mwenyekiti wa wakulima aliporudi. Khanga ilikuwa imejaa matope, simu bado iko mkononi.

"Ng'ombe wamekula ya mashamba sita," alisema akihema. "Mengine yote tumeyaokoa. Wanaosha mbegu sasa hivi. Unaanza lini kutuhesabia?"

"Sitahesabu, mama mwenzangu. Nimesimamishwa kazi."

"Nani kakusimamisha? Huyu?" Akamwonyesha Mkuu kwa kidevu.

"Saini yangu mwenyewe. Nilisaini nimechota mbegu, na sikuchota. Msimu wenu umepitia mkononi mwangu."

Mwenyekiti akamwomba Inspekta ile karatasi, akaisoma polepole mpaka mwisho, midomo ikitembea, kisha akaiweka mezani.

"Aliandikiwa na nani haya?"

"Alisema mwenyewe," alijibu Inspekta. "Mimi nilitaka kuyaacha."

Mwenyekiti akamsogelea Mama Hadubini. Kisha akachukua kikombe kutoka mkononi mwake, akakifunga pamoja na miwani kwenye ncha safi ya khanga.

"Wao wamekusimamisha, shauri yao," alisema. "Sisi tunatafuta mtu wa kutuhesabia ambaye hesabu ikimgeuka yeye mwenyewe bado ataisema. Twende. Mteremko huo nitakushika mkono."

Inspekta akawafungulia mlango.